Betri za Maji kwenye Barabara ya Hosur

Ukitoka Bangalore kwa barabara ya Hosur unaelekea kusini-mashariki, kwenye mpaka wa Tamil Nadu. Unapita makutano ya Silk Board, ambayo wakazi wa mji ule wakiyataja hushusha pumzi, unaiacha Electronics City na majengo yake ya vioo, kisha unaingia Bommasandra. Hapo vioo vinakwisha. Ni mabati, mageti, malori yanayorudi nyuma kwa honi, karakana za kukereza chuma na vibanda vya chai. Katika eneo hilo la viwanda ndiko lilikotengenezwa Reva, gari dogo la umeme la kwendea kazini na sokoni. Lilianza kuuzwa mwaka 2001, miaka saba kabla Tesla haijaanza kukabidhi magari kwa wateja.

Siku hizi, habari za gari la umeme la bei nafuu nchini India zikisimuliwa, msimulizi huanzia kwa Tata Nexon ya mwaka 2020 au Tiago ya 2022, kana kwamba kabla ya hapo palikuwa patupu. Huo ni uonevu. Maswali yote yanayoulizwa leo kuhusu magari haya yalikwisha kuulizwa Bommasandra, na baadhi yake yalijibiwa vizuri kuliko yanavyojibiwa sasa. Nilisomea uhandisi wa umeme katika mji ule, nikafika mwaka 2005, na hadi leo riziki yangu hapa Dar es Salaam inatokana na betri. Kwa hiyo nasema nikiwa na msimamo: gari lile halikukwama kwa sababu ya umbali wala kwa udogo wake. Lilikwamishwa na namna betri inavyolipiwa. Betri ni mafuta ya miaka kadhaa, na mnunuzi alitakiwa kuyalipia yote siku ile anayokabidhiwa ufunguo. Ukiishika hoja hiyo, historia yote ya miaka thelathini inaeleweka, pamoja na mambo ambayo kwa nje yanaonekana ya ajabu.

Kwanza, kwa nini Bangalore? Mji ule umezoeana na umeme kwa muda mrefu. Mwaka 1902 mitambo ya maji ya Shivanasamudra kwenye mto Kaveri ilianza kupeleka umeme kwenye migodi ya dhahabu ya Kolar, na mwaka 1905 taa za umeme ziliwashwa katika mitaa ya Bangalore, wakati miji mingi ya Asia bado ilimulikwa kwa mafuta. Baadaye viwanda vikubwa vya umma vikajaa pale: ndege za HAL, mashine na saa za HMT, simu za ITI, elektroniki za BEL. Kila kiwanda kikubwa kililea karakana ndogo za kukikerezea vipuri, na mafundi waliostaafu wakafungua zao. Mwaka 1973 Sudarshan Maini alianzisha kampuni ya vipuri vya aina hiyo, vile vinavyopimwa kwa mikroni. Kundi la kampuni za familia yake likaja pia kutengeneza vigari vya umeme vya kubebea mizigo ndani ya viwanda na maghala. Maana yake ni kwamba kabla ya kufikiria gari la barabarani, watu wale walikwisha kuchafuka mikono kwa betri na mota.

Mwanawe, Chetan Maini, alikwenda kusoma Marekani, Chuo Kikuu cha Michigan. Huko alikuwa katika timu ya wanafunzi waliojenga Sunrunner, gari la kutumia jua lililoshinda mashindano ya Sunrayce ya mwaka 1990 na mwaka huohuo likashika nafasi ya tatu katika mbio za kuvuka Australia kutoka Darwin hadi Adelaide. Akaendelea Stanford, kisha akafanya kazi California na kampuni ya Amerigon ya Lon Bell, iliyokuwa ikishughulikia teknolojia ya magari ya umeme. Mwaka 1994 familia ya Maini na Amerigon waliunda kampuni ya ubia mjini Bangalore. Gari lilipewa jina la mama yake Chetan, Reva.

Hawakuwa wa kwanza kujaribu. Mwaka 1993, kwenye maonyesho ya magari ya Delhi, kampuni ya Eddy kutoka Kerala ilionyesha gari la viti viwili lililoitwa Lovebird, lililoundwa kwa ushirikiano na Yaskawa ya Japani. Lilipendwa kwa macho, yakauzwa machache mno, likazimika. Habari yake ni fupi na sina la kuongeza.

Kati ya mkataba wa 1994 na gari la kwanza kuuzwa ilipita miaka saba. Sheria za magari za India zilikuwa zimeandikwa kwa kufikiria injini ya mafuta, na wauza vipuri nao vilevile. Lakini nadhani muda ule mrefu ndio uliolifanya Reva kuwa gari la akili, kwa sababu watu wasio na pesa za kutosha hulazimika kufikiri.

Lilikuwa na urefu wa mita 2.6 tu, milango miwili, watu wazima wawili mbele na watoto wawili nyuma. Kiunzi chake kilikuwa cha vyuma vilivyochomelewa, na juu yake zikafungwa paneli za plastiki ya ABS ambayo rangi imechanganywa ndani yake tangu mwanzo. Wapita njia walizigonga kwa vidole na kucheka. Mimi naona hapo ndipo penye ustadi mkubwa kuliko popote katika gari lile. Katika kiwanda cha magari, sehemu zinazomeza mtaji ni mashine za kukandamiza mabati ya bodi na karakana ya kupaka rangi. Reva ilikwepa zote mbili. Kampuni ndogo ingeweza kuunda magari machache kwa mwezi na bado isife, jambo ambalo kiwanda cha bodi za chuma hakiliwezi. Na paneli ikipasuka kwenye msongamano, unafungua skrubu unabadilisha, gari linarudi barabarani bila kupigwa rangi.

Chini ya viti vya mbele zilikaa betri nane za maji, za volti 6 kila moja, zimeungwa kwa mfululizo kupata volti 48. Kwa pamoja zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 250, karibu theluthi ya gari zima, na zilibeba uniti zipatazo 10 za umeme. Kampuni ilitaja umbali wa kilomita 80 kwa chaji moja, na matoleo ya mwanzo yalifika kasi ya kilomita 65 kwa saa. Chaji ilitoka kwenye soketi ya ampea 15 ya nyumbani, ileile wanayochomekea hita ya kuogea. Baada ya saa mbili na nusu betri zilifika asilimia 80, na saa nane zilizijaza kabisa. Hakukuwa na gia wala klachi. Ukipunguza mwendo, mota iligeuka jenereta na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Katika mji ambao gari husimama na kuondoka mara mia kabla ya kufika ofisini, hicho kidogo kina maana. Hata hali ya hewa ilisaidia. Bangalore iko mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, hakuna joto la Delhi wala la Chennai, kwa hiyo betri haziungui na kiyoyozi hakinyonyi.

Mwenye nyumba wangu, mtaa wa Jayanagar, alikuwa na Reva. Alikuwa mama aliyestaafu kazi ya benki, na sisi wapangaji tulimwita Anti, kama adabu ya kule inavyotaka kwa mwanamke wa rika la mama yako. Aliposikia nasomea umeme aliniita kwenye maegesho chini ya nyumba. "Binti, njoo. Vitabu vyako havijakuonyesha hii." Akanipa glavu za mpira na kunifundisha kuongeza maji ya betri. Kulikuwa na mrija mmoja ulioyagawa kwa betri zote, kwa hiyo kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kazi ilikuwa kukumbuka. Alikuwa na daftari, na kila safari aliandika kilomita, kila chaji aliandika saa, kila siku ya maji aliandika tarehe, kwa mwandiko wa mtu aliyetunza vitabu vya benki maisha yake yote.

Safari zake zilikuwa zilezile: soko la 4th Block, hekalu, kwa dada yake Basavanagudi, hospitali, darasa la muziki la wajukuu. Hakuna siku iliyofika nusu ya umbali ambao gari lingeweza. Mumewe alikuwa na Maruti ya petroli, na hiyo ndiyo waliyopanda kwenda Mysore kwa ndugu, kilomita karibu 150, ambako Reva isingefika. Miaka ile sikulipa jambo hilo uzito. Baadaye niliona kwamba karibu kila Reva niliyoijua ilikuwa katika nyumba yenye gari jingine. Na nyumba zenye magari mawili, katika India ya mwaka 2005, zilikuwa chache mno. Familia ya kawaida ilikuwa na pikipiki au skuta, ikiota siku ya kununua gari, moja tu, la kuwapeleka harusini, kijijini, hospitali na hija. Gari linalotosha kwa siku 350 za mwaka lilikataliwa kwa sababu ya siku 15 zilizobaki. Siwalaumu. Siku hizo 15 ndizo ndugu wanazokuona.

Lakini Anti ndiye aliyenionyesha tatizo lililo kubwa kuliko Mysore. Nilimsifia kwamba gari lake linatumia umeme wa pesa kidogo. Akanifungulia ukurasa wa nyuma wa daftari. "Umeme ni bure, binti. Ninacholipa ni betri." Betri za maji za aina ile, zikitunzwa kama alivyozitunza yeye, zilikwenda miaka mitatu hivi. Aligawa bei ya seti mpya kwa miezi, na kila mwezi aliweka kiasi hicho kando benki, katika akaunti isiyoguswa. Kwa hesabu yake gari lilikuwa bado rahisi kuliko Maruti ya mumewe. Ila ni watu wangapi wangeweka pesa kando kila mwezi kwa ajili ya kitu ambacho bado kinafanya kazi? Majirani waliona tu siku ya kubadilisha seti, walisikia bei ya betri nane kwa mpigo, na habari ikazunguka mtaa mzima.

Betri ya maji, yaani ya risasi na asidi, ina tabia inayokuza tatizo hilo. Ukiitumia hadi iishe kabisa, au ukiiacha siku nyingi bila chaji, sahani zake zinaganda salfa na uwezo unapungua bila kurudi. Kwa hiyo kilomita zinazidi kupungua kadiri seti inavyozeeka, taratibu, na mwenye gari anajikuta anasitasita kwenda mahali alipokuwa akienda mwaka jana. Mafundi walikuwepo wa kutosha, kwa sababu umeme ulikatika mara kwa mara na nyumba nyingi zilikuwa na inveta yenye betri ya maji; kila mtaa ulikuwa na kijana wa kuzihudumia. Ujuzi haukukosekana. Pesa ya mkupuo ndiyo iliyokosekana.

Jambo la London linathibitisha haya kwa upande wa pili. Februari 2003 mji ule ulianza kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji pauni 5 kwa siku, na mwaka 2005 tozo ikapanda hadi pauni 8. Magari ya umeme yalisamehewa, na baadhi ya manispaa ziliyapa maegesho ya bure. Kampuni ya GoinGreen ikaleta Reva kutoka Bommasandra, ikaiita G-Wiz, na zaidi ya magari 1,000 yakauzwa Uingereza. Gari lilikuwa lilelile, betri zilezile, na baridi ya London kwa betri ni mbaya kuliko hewa ya Jayanagar. Kilichobadilika ni kwamba mnunuzi alirudishiwa pesa kila asubuhi alipovuka mpaka wa tozo. Kwa mtu anayeingia kila siku ya kazi, pauni 8 zinalipa seti ya betri upesi sana.

Huko pia ndiko lilikokosolewa vikali zaidi. Kwa sheria za Ulaya lilisajiliwa kama chombo cha magurudumu manne tu, si gari kamili, kwa hiyo halikulazimika kupita majaribio ya kugongwa yanayowahusu magari ya kawaida. Mwaka 2007 lilipogongeshwa kwa majaribio, picha zilitisha. Nimewasikia wapenzi wa Reva wakisema ilikuwa njama ya watu wa petroli. Sikubaliani nao. Kiunzi kile kilikuwa dhaifu kwa barabara zenye magari ya tani mbili, na kampuni yenyewe ilikiimarisha na kuweka breki za diski mbele katika toleo lililofuata. Mtu anayependa kitu ana wajibu wa kusema mahali kilipopungua.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010 Reva zilizokuwa zimeuzwa katika nchi 26 zilizidi 4,000 kidogo tu. Maruti ilitengeneza idadi kama hiyo kwa siku chache.

Mwezi Mei 2010 Mahindra, watengenezaji wa matrekta na magari ya jip, walinunua asilimia 55.2 ya kampuni. Pesa sasa zilikuwepo. Agosti 2012 kiwanda kipya kilifunguliwa palepale Bommasandra chenye uwezo wa magari 30,000 kwa mwaka, na Machi 2013 gari jipya, e2o, likazinduliwa Delhi. Lilikuwa na betri za lithiamu badala ya za maji, watu wazima wanne waliweza kukaa, na umbali uliotajwa ulikuwa kilomita 100. Lilikuwa na kitu kimoja ninachokipenda sana: dereva aliyeishiwa chaji njiani aliweza kuomba kwa simu, na mfumo ukamfungulia kilomita chache za akiba zilizofichwa ndani ya betri, zimfikishe kwenye soketi. Huo ni uhandisi unaomjua mwanadamu.

Ila saa ilikuwa mbaya. Kuanzia Novemba 2010 serikali ya India ilikuwa ikitoa ruzuku kwa magari ya umeme, hadi rupia laki 1 kwa gari, na mpango huo ukakoma tarehe 31 Machi 2012, miezi michache kabla kiwanda hakijafunguliwa. Delhi ilitoa nafuu yake yenyewe, lakini hata hivyo e2o barabarani ilikaribia rupia laki 6. Kwa pesa hizo familia ilipata gari la petroli la watu watano lenye buti, linalofika Mysore na kurudi.

Mwaka 2014 Mahindra wakajaribu jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo muhimu kuliko yote katika historia hii, ingawa lilipita bila kelele. Waliitenga betri na gari. Bei ikashuka hadi rupia laki 4.99, na mteja akalipa rupia 2,599 kila mwezi kwa ajili ya betri. Niliposoma habari hiyo nikiwa tayari Dar es Salaam, nilimkumbuka Anti na akaunti yake. Kampuni sasa ilikuwa ikifanya kwa mkataba kile alichokifanya yeye kwa nidhamu. Lakini wanunuzi hawakuuamini mpango ule. Kulipa kila mwezi kwa gari ambalo umekwisha kulilipia kulionekana kama deni lisiloisha, na soko la mitumba la kumhakikishia mtu kwamba gari litauzika kesho halikuwepo. Toleo la milango minne likaja 2016, na mwaka 2019 uzalishaji wa gari hilo ukasimamishwa.

Lazima niseme neno kuhusu Nano ya Tata, ingawa ilikuwa ya petroli. Januari 2008 Ratan Tata aliionyesha Delhi kwa ahadi ya bei ya rupia laki 1. Kama bei peke yake ingeuza gari dogo la mjini, Nano ingejaza miji yote ya India. Haikuijaza. Tata mwenyewe alikuja kukiri hadharani kwamba kuitangaza kama gari rahisi kuliko yote kulikuwa kosa, kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana akinunua unafuu. Nano inatufundisha kwamba familia inayoacha pikipiki na kuingia garini inanunua heshima pamoja na usafiri, na yeyote anayeunda gari dogo, la umeme au la mafuta, hana budi kulijua hilo.

Wakati wakubwa wakibishana kuhusu magari, umeme ulikuwa umeshaingia barabarani kwa mlango ambao hakuna wizara iliyoufungua. Kuanzia mwaka 2010 hivi, bajaji za umeme zilianza kuonekana Delhi na miji ya kaskazini. Bati jepesi, betri nne za maji chini ya kiti cha abiria, mwendo wa polepole, abiria wanne. Hazikuwa na ruzuku, namba wala leseni. Julai 2014 Mahakama Kuu ya Delhi ilizipiga marufuku. Machi 2015 bunge lilirekebisha sheria ya vyombo vya moto na kuzihalalisha. Leo idadi yake nchini India inapita milioni moja. Betri zake mara nyingi hazimalizi mwaka, ni mbovu kuliko zile za Reva, na zinachajiwa kwenye mabanda usiku. Zilifaulu kwa sababu mwenye bajaji anapokea pesa kila siku, anatoa ya betri kila siku, na hahitaji kwenda Mysore. Watu wengi wa magari walizitazama kama uchafu wa barabarani. Mimi naziona kama jibu la swali la Bommasandra, lililotolewa na watu ambao hawakusikia swali lenyewe.

Yaliyofuata yameandikwa kila mahali, kwa hiyo nitayapita haraka. Bei ya betri za lithiamu duniani ilikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa uniti moja ya uwezo mwaka 2010. Kufikia 2020 ilikuwa chini ya dola 150. Serikali ilipoanzisha awamu mpya ya ruzuku mwaka 2019, gari la mtu binafsi halikuwekwa katika mpango wa ruzuku ya kununua, ila mwaka huohuo kodi ya mauzo ya magari ya umeme ilishushwa kutoka asilimia 12 hadi 5. Tata walipoanza kuuza Tiago ya umeme mwaka 2022, kwa bei ya kuanzia rupia laki 8.49, watu 10,000 waliweka oda siku ya kwanza. Mwaka 2023 kampuni ya MG ikaleta Comet: milango miwili, urefu chini kidogo ya mita 3, betri ya uniti 17.3, rupia laki 7.98. Tazama vipimo hivyo. Ni Reva iliyoongezewa sentimita 30 na kitu na kupewa betri ya karne hii.

Na mwaka 2024 MG waliitenga betri na gari. Bei ya Comet ikawa rupia laki 4.99, na mteja akalipa rupia 2.5 kwa kila kilomita kwa ajili ya betri. Laki 4.99, tarakimu ileile ya Mahindra, miaka kumi baadaye. Safari hii kulipia kwa kilomita badala ya kwa mwezi ni hatua nzuri kwa wazo lake: asiyeendesha sana asilipe sana, ili Anti wa leo mwenye safari zake za sokoni apate haki yake.

Chetan Maini mwenyewe hakurudi kuunda magari. Mwaka 2017 alishiriki kuanzisha SUN Mobility, kampuni inayomiliki betri na kuwabadilishia wenye bajaji na pikipiki: unafika na betri iliyoisha, unachukua iliyojaa, unalipia umeme uliotumia. Mtu aliyeanza na gari akaishia kwenye betri peke yake. Sioni kama alishindwa. Naona alifuata tatizo hadi lilikokuwa.

Barabara ya Hosur nayo imebadilika. Ukiendelea kutoka Bommasandra unavuka mpaka na kufika mji wa Hosur, ambako Ather wanaunda skuta za umeme, na mbele zaidi, katika wilaya hiyohiyo ya Krishnagiri, Ola Electric walijenga kiwanda kikubwa mwaka 2021. Hosur ndiko pia kwenye TVS, ambao magurudumu yao matatu tunayapanda kila siku Kariakoo na Mbagala. Kwa hiyo sisi wa huku si watazamaji wa mbali wa historia hii. Chombo kinachoundwa kwenye barabara ile kinafika bandarini kwetu, na cha umeme kitafuata njia ileile. Mjini Kigali, tangu 2019, waendesha pikipiki wa Ampersand wanabadilisha betri badala ya kuzinunua.

Hapa Dar es Salaam, madereva wengi wa bajaji hawazimiliki. Wanapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, au wamechukua kwa mkataba, wanalipa hadi chombo kiwe chao. Mpangilio huo ndio betri ya kukodi inaouhitaji, kwa sababu dereva amezoea kutoa kila siku na anajua hadi shilingi anachobaki nacho. Ninapozungumza na madereva wanaofikiria bajaji ya umeme, hawaniulizi sana kuhusu kilomita. Kijana mmoja wa Temeke aliniuliza: "Mama, betri ikichoka ikaanza kunipa nusu ya safari, hesabu nayo inapungua?" Nilimwambia hilo ndilo swali hasa, na kwamba asiweke sahihi mpaka jibu lake liwe limeandikwa ndani ya mkataba: nani mwenye betri, inapimwaje, na ikishuka chini ya kiasi gani inabadilishwa kwa gharama ya nani.